Juan Garrido alikuwepo kweli, na hakuwa peke yake

"Shikamoo mwalimu. Kuna video inazunguka kwenye grupu letu la familia, inasema Wahispania walipoivamia Mexico walikuwa na mpiganaji Mwafrika anaitwa Juan Garrido, mtu huru sio mtumwa, na ndo wa kwanza kupanda ngano kule. Mimi shuleni nilichosoma ni meli za watumwa na mashamba ya pamba, basi. Mjomba anasema video imepunja, eti Waafrika walifika Amerika maelfu ya miaka kabla ya Columbus, ushahidi ni vile vichwa vikubwa vya mawe, na hata rubani wa Columbus alikuwa mweusi. Binamu yangu naye anasema kama ni kweli basi ni aibu, mtu mweusi kwenda kuwasaidia wazungu kuua watu kwenye nchi yao. Nani yuko sahihi? Kuna waliotoka huku kwetu pwani? Na mtu wa kawaida kama mimi naweza kuhakiki vipi?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza badala ya kuforwadi tu. Jibu la haraka ukalipeleke kwenye grupu leo hii: Juan Garrido alikuwepo, alikuwa mweusi, alikuwa mtu huru, na alikuwa upande wa Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania, kwenye vita ya Mexico. Mjomba ana hoja moja nzuri iliyochanganyika na mbili mbovu. Binamu ndo kauliza zito kuliko wote na hapo nitakaa kidogo, mana watu wengi wakifika hapo wanakimbilia kushangilia au kulaani bila kutazama hawa watu walikuwa wamebanwa na nini.

Kwanza tunamjuaje Garrido. Tunamjua kwa sababu alilalamika. Tarehe 27 Septemba 1538, jijini Mexico, alikwenda mbele ya hakimu akaomba maelezo yake yaandikwe na mashahidi wake wahojiwe, ili karatasi zipelekwe kwa mfalme Uhispania. Wahispania waliiita probanza, na ilikuwa njia ya kila aliyepigana kudai chake, yaani unaeleza umetumikia wapi, umetumia pesa zako kiasi gani, na mpaka leo hujapewa nini. Garrido anaanza kwa kutaja jina lake, anasema ana rangi nyeusi na ni mkazi wa mji huo, ana mke, alafu anashuka na orodha: alikuwa na Cortés toka anaingia Mexico, alikuwa kwenye kuteka Puerto Rico, alikuwa kwenye kuteka Kuba chini ya Diego Velázquez, alikwenda kutafuta visiwa vya bahari ya kusini (Pasifiki) ambako waliteseka sana na njaa, na yote hayo kwa gharama yake mwenyewe bila mshahara, bila kugawiwa wenyeji wa kumtumikia, bila chochote. Miaka 30 ya utumishi. Na anaongeza kwamba yeye ndiye wa kwanza kupata wazo la kupanda ngano kule na kuona kama itashika.

Sasa hiyo ni karatasi ya mtu anayejipigia debe, lazima uisome ukijua hivyo, kila aliyeandika probanza alijikuza. Lakini mashahidi walikuwepo, na mambo mengi aliyosema yanaonekana pia kwenye kumbukumbu nyingine za wakati ule. Kutokana na hati hiyo tunapata njia yake: alizaliwa Afrika, akafika Lisbon na kwa hiari yake akawa Mkristo, akakaa Castile, Uhispania, miaka saba, akavuka hadi Santo Domingo, kwenye kisiwa cha Hispaniola huko Karibi, akakaa karibu muda kama huo, alafu visiwa vingine, alafu Florida mwaka 1513 na msafara wa Mhispania Juan Ponce de León, alafu Mexico. Hebu tulia kidogo kwenye huo mwaka. Wamarekani wengi wanaanza kuhesabu historia ya watu weusi nchini kwao mwaka 1619, Waafrika waliposhushwa na meli pale Virginia, na huyu mtu alishakanyaga Florida miaka 106 kabla, akiwa huru na amebeba silaha. Hapo ndo hoja nzuri ya mjomba ilipo, kwamba sisi hatukuingia kwenye hii habari mwishoni na minyororo tu, tulikuwepo toka kurasa za kwanza.

Hiyo ya ngano nayo ina chanzo kingine. Francisco López de Gómara, kasisi aliyekuwa karibu na Cortés na akaandika habari za vita ile, anaeleza kwamba zilikutwa punje tatu za ngano ndani ya gunia la mchele, zikapandwa bustanini, mbili zikaota, na moja ikazaa punje 180. Lakini tazama anavyomtaja aliyepanda: anamwita "mweusi wa Cortés", kana kwamba ni mali ya mtu, alafu jina la Juan Garrido analiweka kwa kusitasita, kwamba ndivyo anavyodhani. Kwenye karatasi yake mwenyewe Garrido ni mkazi wa mji mwenye mke na madai kwa mfalme, kwenye kitabu cha kasisi ameshageuka kuwa mweusi wa bwana fulani. Mimi nikiulizwa hawa watu walisahaulikaje huwa naanzia hapo. Hakuna mtu aliyekaa chini akapanga kuwafuta. Waandishi waliwataja bila majina, "mweusi mmoja", "watu weusi wawili", na vizazi vilivyofuata vikasoma "mweusi" vikaelewa "mtumwa", na wale wasiokuwa na probanza wakapotea kabisa.

Utauliza Mwafrika anajikutaje kwenye meli ya Wahispania mwaka 1503 au 1510. Lisbon na Seville za wakati ule zilikuwa na Waafrika wengi sana, Wareno walikuwa wanaleta watumwa kutoka Afrika Magharibi toka miaka ya 1440, na hesabu ya Lisbon ya mwaka 1551 inataja watumwa karibu 10,000 kwenye mji wa watu kama 100,000. Wengine walizaliwa hukohuko, wengine walikombolewa, walisema Kihispania au Kireno, walibatizwa, walijua kazi za mjini. Gavana Nicolás de Ovando alipotumwa Hispaniola aliruhusiwa mwaka 1501 kupeleka watu weusi waliokulia kwa Wakristo, na kufika 1503 mwenyewe anaomba wasiletwe tena mana walikuwa wanatorokea kwa wenyeji. Ruhusa kubwa ya kuleta watu 4,000 moja kwa moja kutoka Afrika ilikuja 1518. Kwahiyo Waafrika wa mwanzo kabisa kule wengi wao walipitia Ulaya kwanza, sio wale wa meli kubwa tunaowafikiria sisi.

Na kitu cha pili, ambacho bila kukielewa huwezi kuwaelewa kina Garrido: lile halikuwa jeshi la serikali. Ilikuwa kama watu wanaochangishana mtaji kwa ajili ya biashara ya hatari, kila mtu analeta alichonacho, huyu farasi, yule mashua, huyu upanga wake na miguu yake, alafu mkishinda mnagawana kwa hisa na mkishindwa kila mtu anakula hasara yake. Hakuna mshahara. Mwenye mtumwa alimleta kama sehemu ya mtaji, na mtumwa alikuwa ghali, Bernal Díaz, askari aliyekuwa kwenye msafara wa Cortés wa 1519, anaandika kwamba wakati ule farasi na watu weusi hawakupatikana isipokuwa kwa bei kubwa ya dhahabu. Ila ukishampeleka mtumwa vitani, mmezungukwa, watu wachache, ni lazima umpe silaha, na mtu mwenye silaha aliyekuokoa jana usiku huwezi kuendelea kumfanya punda. Wengi walipata uhuru kwa mlango huo. Na mtu huru kama Garrido aliingia kama wengine, kwa upanga wake na matumaini ya hisa.

Mfano ninaoupenda kuliko wa Garrido ni Juan Valiente. Huyu alikuwa mtumwa wa Alonso Valiente, Mhispania wa mji wa Puebla, Mexico. Mwaka 1533 alimshawishi bwana wake amruhusu aende kutafuta maisha kwa miaka minne, kwa makubaliano kwamba atarudi na kila alichochuma. Akaondoka. Akapita Guatemala, akaungana na misafara ya makamanda wa Kihispania, na Pedro de Alvarado kwenda Peru, akaingia Chile na Diego de Almagro, alafu akarudi tena Chile na Pedro de Valdivia mwaka 1540. Huku Puebla bwana wake anasubiri, miaka minne ikapita, na 1541 akamtuma ndugu yake amtafute, amrudishe au amuuzie uhuru wake. Hakuwahi kumpata. Mtumwa wake alikuwa ameshakuwa mtu wa maana kwenye jeshi la Chile, akapewa shamba karibu na Santiago mwaka 1546, na 1550 akapewa encomienda, ile haki ya kupokea kodi na kazi za wenyeji wa eneo fulani, kitu ambacho Wahispania wengi weupe walikufa hawajakipata. Akamuoa Juana de Valdivia, mwanamke aliyekuwa mtumwa wa gavana mwenyewe, yaani Valdivia, akaachiwa huru. Desemba 1553 akafa kwenye mapigano ya Tucapel, siku ambayo Wamapuche, wenyeji wa Chile, waliliangamiza kundi la Valdivia. Ki-sheria alikufa bado ni mali ya mtu wa Puebla.

Usidhani wote walipata alichopata Valiente. Garrido alipewa kiwanja cha nyumba mjini mwaka 1525, alikuwa bawabu wa baraza la mji, akalinda mfereji wa maji wa Chapultepec, na karibu na barabara ya Tacuba, pale Wahispania walipouawa kwa wingi usiku wa kufurushwa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1520, alijenga kanisa dogo la kuwakumbuka waliokufa. Ukisoma habari za weusi wengine waliopigana unakuta kazi ni zilezile, bawabu, mlinzi, mpiga mbiu. Hata kule Peru kwenye mgao wa dhahabu ya Atahualpa, mfalme wa Wainka, alikuwepo mpiga mbiu mweusi, Juan García, naye akapata hisa. Damu ilikuwa sawa na ya wenzao ila malipo yalikuwa ya mlangoni, na ndo mana Garrido aliandika ile karatasi.

Sasa tuje kwa binamu. Binamu hajakosea kuumia. Garrido alishiriki kuvunja miji ya watu, na nitakwambia jambo ambalo video hazisemi: baada ya vita alikwenda kuchimba dhahabu Zacatula akitumia watumwa, na kwenye msafara wa Cortés wa Baja California alikuwa na sehemu ya umiliki kwenye kundi la watumwa weusi na wenyeji. Sitaki umfiche hilo mtu yeyote kwenye grupu. Kuwa mweusi hakukumfanya awe upande wa wanyonge, na mimi siwezi kumpamba kwa sababu tu tunafanana rangi.

Lakini binamu anasema "mtu mweusi kuwasaidia wazungu" kana kwamba mwaka 1521 kulikuwa na timu mbili tu. Walioizingira Tenochtitlan wengi wao walikuwa wenyeji, maelfu kwa maelfu ya Watlaxcala na wengine waliochoka utawala wa Wameshika (ndo hao Waazteki), Wahispania walikuwa wachache tu ndani ya jeshi hilo. Hakuna aliyepigana pale akijiita "mweusi" au "mwenyeji wa Amerika" kwa maana tunayoitumia leo. Mtu aliyekatwa na ukoo wake na kutupwa Ulaya alichokuwa anatafuta ni mahali pa kusimama, na milango iliyokuwa wazi ilikuwa michache mno. Hiyo inaeleza, haisafishi. Ukiweza kushika vyote viwili kwa pamoja basi umeshaelewa zaidi ya video zote.

Na wapo waliochagua mlango mwingine kabisa, hawa nataka binamu awajue kwa majina ya mahali walipopigania. Desemba 1521, miezi michache tu baada ya Tenochtitlan kuanguka, watumwa wa shamba la miwa la Diego Columbus, mtoto wa Columbus mwenyewe, waliasi pale Hispaniola. Wengi wao walikuwa Wawolof kutoka Senegambia, na Wahispania waliogopa kiasi kwamba baadaye wakapiga marufuku kuletwa Wawolof. Panama miaka ya 1550 kulikuwa na Bayano na watu wake msituni. Mexico, milima ya Veracruz, Yanga aliongoza watoro kwa miaka mingi mpaka serikali ikakubali wawe na mji wao wenyewe, na mji huo upo mpaka leo unaitwa Yanga. Kwahiyo akitaka wa kujivunia wapo tele, ila asiwatumie kuwafuta kina Garrido, wote ni historia yetu.

Kuna na Esteban, huyu haingii kwenye kundi lolote kati ya hayo. Alikuwa mtumwa mweusi msemaji wa Kiarabu kutoka Azemmour, Moroko, akapelekwa Florida kwenye msafara wa Mhispania Narváez uliofika 1528 na watu mamia. Waliorudi wakiwa hai kutoka bara walikuwa wanne, baada ya kutembea miaka kadhaa mpaka 1536, na Esteban ndiye aliyekuwa anatangulia kuongea na wenyeji. Mwaka 1539 akatumwa kumtangulia mtawa Fray Marcos de Niza kuelekea kaskazini, na walikubaliana atume misalaba: habari ya kawaida, msalaba wa shubiri moja, kubwa zaidi, shubiri mbili. Baada ya siku chache wajumbe wakafika wamebeba msalaba wa urefu wa mtu. Aliuawa huko Hawikuh, kijiji cha wenyeji Wazuni, sasa ni jimbo la New Mexico. Alizunguka nusu bara, na alikuwa bado mtumwa.

Wanawake nao wasikose. Januari 1600, mji wa Querétaro, Isabel de Olvera, baba mweusi na mama mwenyeji, anajiandaa kwenda New Mexico na msafara. Kabla ya kuondoka akaenda kwa hakimu na mashahidi, akataka iandikwe kwamba yeye ni huru, hajaolewa, sio mtumwa wa mtu, kwa kuwa anahofia huko njiani kuna mtu atamsumbua kwa sababu ya uchotara wake. Akamaliza kwa kusema anadai haki. Mimi kila nikiisoma naona mtu aliyejua dunia yake vizuri sana, kwamba neno lako bila karatasi sio kitu.

Turudi kwa mjomba, kwa heshima zote. Vile vichwa vya mawe vya Waolmeki, watu wa kale wa Mexico, vinavyojulikana ni 17, vilichongwa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Columbus na watu wa Veracruz na Tabasco, na sura zile bado unazikuta kwa wenyeji wa hukohuko. Wamechimba San Lorenzo na La Venta, miji ya hao Waolmeki, miaka mingi, hakijatoka chungu wala chuma wala mfupa wa kutoka Afrika. Na kuna jambo linaniuma hapo: tukisema Waafrika ndo waliochonga, tunawapora wenyeji wa Mexico kazi ya mababu zao, vilevile wazungu walivyojaribu kutupora Zimbabwe Kuu. Kuhusu rubani, Pedro Alonso Niño alitoka kwenye familia ya mabaharia wa Moguer na madai kwamba alikuwa mweusi hayana hati ya wakati ule nyuma yake. Mwambie mjomba kama anataka mtu mweusi kwenye meli za Columbus atumie safari ya nne, 1502, kwenye orodha ya mabaharia yumo Diego aliyeandikwa "el Negro". Huyo hakuwa rubani ila ushahidi wake unasimama.

Pwani yetu? Kwa kipindi cha mwanzo, hapana, wale wa kwanza walitoka Afrika Magharibi na Moroko. Ila baadaye ipo njia ya kweli. Toka 1565 merikebu za Wahispania zilikuwa zinatoka Ufilipino kwenda Acapulco, Mexico, na Wareno walikuwa wanauza watu waliochukuliwa Msumbiji kupitia bandari za Goa (India) na Melaka (Malaysia) mpaka Manila, Ufilipino, hasa 1580 hadi 1640 Ureno ilipokuwa chini ya mfalme wa Uhispania. Baadhi yao waliishia Mexico, kwahiyo kuna watu wa upande wetu wa bahari waliofika Amerika kwa kuvuka Bahari ya Hindi na Pasifiki, sio Atlantiki. Lakini mtu akikwambia Garrido alitoka Kilwa muulize hati iko wapi.

Kuhusu kuhakiki mwenyewe. Nyaraka nyingi za makoloni ya Uhispania ziko Seville kwenye jumba la kumbukumbu lililoanzishwa 1785, Archivo General de Indias, na sehemu kubwa zimepigwa picha ziko kwenye mtandao wa PARES, bure kabisa, unatafuta kwa jina. Anza na yaliyokwishachapishwa, masimulizi ya Cabeza de Vaca, mmoja wa wale wanne waliorudi hai, ya mwaka 1542 yanamtaja Esteban mara nyingi na tafsiri zake zinapatikana. Ila ukifika kwenye picha za hati zenyewe usijitese peke yako, na usiamini programu ya kutafsiri. Mwandiko wa makarani wa karne ya 16 umeunganishwa neno hadi neno bila kunyanyua kalamu, hata mtu aliyezaliwa Madrid hausomi bila kufundishwa. Hapo nenda idara ya historia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, uliza mtu anayesoma Kihispania au Kireno cha zamani, mpelekee namba ya hati na ukurasa unaotaka, usimpelekee video.